Ruzuku ya Marehemu

"Celine Apondi," emsii aliita kwenye maikrofoni, na Gordon Andati akahisi kama mtu amemmwagia maji baridi ndani ya kola ya shati.

Hakuyaamini masikio yake. Alimgeukia Matheka, fundi mwenzake aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando yake, apate kujua kama naye amesikia. Matheka alikuwa ameacha kutafuna. Mdomo umebaki wazi na karanga zinaonekana. Hapo Gordon akajua si yeye peke yake.

"Celine Apondi, mama wa sare za shule, simba jike wa soko la Jericho. Yuko wapi mama yetu tumwone?"

Na kabla Gordon hajaamua kama asimame au alie, mwanamke mmoja akainuka safu ya mbele. Alikuwa mnene kiasi, leso mpya kiunoni, na kitambaa cha kichwa cha rangi ileile ya fulana za waandalizi. Aliinua mkono. Akaitikia. Makofi yakapigwa, naye akaanza kupanda ngazi za jukwaa polepole, kama mtu asiyejua ngazi gani itamkataa.

Celine Apondi alikuwa mke wa Gordon, na alikuwa amekufa. Gordon mwenyewe ndiye aliyeshika kona moja ya jeneza, miaka sita iliyopita, mvua ikinyesha, udongo wa kule nyumbani Butere ukimng'ang'ania viatuni kana kwamba naye anatakiwa abaki hukohuko.

Huyu aliyeitikia basi alikuwa nani?

Asubuhi hiyo soko zima lilikuwa limeamriwa kufunga vibanda. Mheshimiwa anakuja kugawa ruzuku kwa biashara ndogo, viti visionekane vitupu kwenye televisheni. Asiyekuja ajue jina lake litaandikwa. Gordon alifunga akinung'unika kwamba serikali inayotaka watu wafanye kazi imeanza kwa kuwafungia kazi, lakini alikuja. Alikuja kama mtazamaji tu. Ombi lake, aliambiwa kitambo, lilikuwa limeanguka.

Kibanda chenyewe kilifunguliwa na Celine. Wakati huo Gordon alikuwa mpiga pasi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Industrial Area, kiwanda kilichosamehewa kodi miaka na miaka ili kiajiri watu. Siku msamaha ulipokwisha, wenye kiwanda walipakia mashine usiku mmoja wakahamia nchi nyingine ya kusamehewa. Wapiga pasi walikuta kufuli. Celine hakumlaumu wala hakumcheka. Alimvutia kigoda ndani ya kibanda, akamfundisha kuweka vifungo, kisha mikunjo ya sketi, kisha kola, na kola ndiyo shule ya fundi. Mpaka leo watu wa Jericho wakimtuma mtoto sare hawasemi nenda kwa Gordon. Husema nenda kwa Celine.

Kisha Celine akaugua. Wakampeleka hospitali ya umma ambayo ukutani imeandikwa kwamba dawa ni bure. Walikuwa wamesema kweli, dawa ilikuwa bure. Tatizo ni kwamba haikuwako. Tangu hapo Gordon akisikia mtu wa serikali anaahidi kitu bure, hushika ukuta.

Leseni ya kibanda ilibaki kwa jina la marehemu. Mwanzoni Gordon alienda kuuliza namna ya kulibadilisha, akaambiwa alete barua ya chifu, ya chifu ikataka ya mahakama, ya mahakama ikataka wakili, na karani mmoja mwenye huruma akamnong'oneza kwamba kibanda kikishaingia kwenye mambo ya marehemu, wakubwa hukigawa upya kabla ya matanga kuisha. Basi akanyamaza. Kila Januari akalipa kwa jina la mkewe, na kila Januari wakapokea. Serikali haikuulizi kama uko hai, inakuuliza kama umelipa. Na kusema ukweli, kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia hata binti yake Clare: kulifuta lile jina aliona ni kama kumzika mama huyo mara ya pili, na safari hii bila hata watu wa kuimba.

Mwenyekiti wa soko, Maingi, ndiye aliyepita kibanda hadi kibanda akieleza habari za ruzuku. Serikali itawapa wafanyabiashara wadogo mtaji, na mwaka mzima hakuna kutozwa ushuru wa soko, mradi tu uajiri vijana. Maingi alikuwa na sauti ya kanisani, kila neno lake ungedhani limepakwa mafuta. Gordon alimwambia wazi kwamba mwenye leseni hayuko, na wewe mwenyekiti unajua hayuko. Maingi akasema leseni ni leseni, ruzuku inakuja kwa kibanda, haiji kwa mtu. Alete tu leseni na kitambulisho cha mama. Kitambulisho Gordon hakuwa amekirudisha kwa chifu. Kilikuwa ndani ya mkebe wa vifungo. Akakitoa, akakipangusa kwa kidole gumba, akampa.

Aliihitaji hiyo ruzuku, asitudanganye mtu. Shule zilikuwa zimeanza kununua sare zilizoshonwa tayari kutoka Eastleigh, marobota kwa marobota, bei ambayo hata ukishona bila kula huwezi kuifikia. Cherehani moja ilikuwa imekwisha kuuzwa. Matheka alikuwa anakuja siku zenye kazi tu, na siku zenye kazi zilikuwa zinapungua. Mwaka mmoja bila ruzuku wala msamaha wa ushuru, na kile kibanda kingemponyoka, na kwa Celine kungekuwa kwa mtu mwingine. Hilo tu ndilo lililomkosesha usingizi. Njaa alikwisha kuizoea.

Baada ya muda Maingi akaja na uso wa pole. Ombi limeanguka, Baba Clare, wakubwa wanataka sura za vijana. Gordon akashukuru hata kwa kuambiwa. Sasa hivi, kwenye kiti cha plastiki, ndipo alipoelewa kwamba ombi halikuanguka kokote. Lilikuwa limesimama pale jukwaani, limevaa leso.

Akainuka. Matheka akamshika shati kwa nyuma.

"Baba Clare, kaa chini."

"Unamwona yule?"

"Namwona. Kaa. Ukisema hapa Celine alikufa, swali la kwanza ni leseni ya nani umekuwa ukitumia. Hao watu hawatauliza lingine. Kesho kanjo, askari wa jiji, wako mlangoni na kufuli."

Gordon alikaa. Si kwa kukubali, ni kwa kuliogopa lile kufuli. Na alipotazama kulia na kushoto ndipo aliposhtuka upya. Mama Apiyo muuza omena alikuwa anapiga makofi. Fundi viatu alikuwa anapiga makofi. Yule wa mitungi ya gesi vilevile. Hawa wote walichanga kwenye mazishi ya Celine. Walilala kwenye basi la matanga hadi Butere na kurudi. Walipiga makofi wakitazama magoti yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho ya kumpa.

Juu jukwaani emsii alimuuliza yule mama ataajiri vijana wangapi.

"Kumi na wawili," akasema, haraka, kama mtoto anayeogopa kusahau mstari wa Biblia.

Kumi na wawili. Kile kibanda Matheka akivuta pumzi, Gordon hulazimika kutoa yake.

"Kumi na wawili!" emsii akairudisha kwa uwanja mzima. "Na huyu shujaa ana mzee nyumbani ama ameshindikana?" Watu wakacheka. "Baba watoto yuko? Aje tupige picha, wanaume wajue kusaidia wake zao."

Yule mama alibabaika akamtazama Maingi. Na Maingi, aliyekuwa ameketi nyuma ya mheshimiwa, alikuwa amemwona Gordon alipoinuka. Hakupoteza hata sekunde moja. Alishuka jukwaani akitabasamu, akapita kati ya viti akisalimia watu, akamwinamia Gordon kama anayempa mkono wa amani kanisani.

"Panda, Baba Clare. Simama kando yake, ucheke kidogo. Fungu lako liko."

"Maingi, ulikuwa mweka hazina wa mazishi yake."

"Na sikupoteza hata shilingi. Panda ndugu yangu, mheshimiwa ana haraka."

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na Gordon, aliyekaa na nguo maisha yake yote, hakuwa amewahi kumwona mdudu huyo kwa karibu namna hii. Alinukia manukato. Hakuwa na hata haya ya kuteremsha macho.

Gordon akapanda. Hakujua anapanda kufanya nini. Alijua tu kwamba pale chini hawezi kubaki.

Mpiga picha akawaambia wasogeane. Mheshimiwa akawekwa katikati, kisha akatolewa, kisha akarudishwa. Hundi ilikuwa ya kadibodi, kubwa kama mlango wa choo, na yule mama alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili. Leso yake ilikuwa bado na wanga wa dukani. Kwa karibu hakufanana na Celine hata kidogo, na hilo nalo lilimuuma Gordon, kwamba hawakujali hata kutafuta wa kufanana.

"Mama, unaitwa nani?" akamuuliza chini kwa chini.

"Celine."

"La. Lile ulilopewa na mama yako."

Aliendelea kutabasamu kwa ajili ya kamera, midomo haikusogea vizuri. "Kezia. Nauza mboga Umoja. Usiniharibie, mzee. Niliambiwa mwenyewe ni mgonjwa, hawezi kupanda ngazi, nimsimamie tu."

Hapo Gordon akaanza kumwelewa. Mitaa hii watu husimamiana. Mtu akiwa kazini jirani humsimamia foleni ya maji. Mama akijifungua mwenzake humwitikia jina kwenye chama asitozwe faini. Kliniki, shuleni siku ya wazazi, hata kwenye kipaimara, kama mama wa ubatizo amekwama kwenye msongamano, mwingine huvaa kitambaa akasimama. Si uwongo. Ni namna ya watu wasio na nafasi ya kuwa mahali pawili. Kezia alikuwa amekuja kumsimamia mgonjwa, na pengine alikuwa amejisikia mtu mwema njiani kote.

"Mama Kezia," akasema Gordon, "Celine si mgonjwa. Celine ni mke wangu. Nilimzika miaka sita sasa."

Tabasamu la Kezia halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni, limesahauliwa na mwenyewe, kama nguo iliyoachwa kwenye kamba mvua inapoanza. Kisha mikono ikalegea. Ile hundi iliteleza ikaangukia ukingo, ikampiga mheshimiwa kwenye kiatu.

"Umesema umemzika?"

Emsii alikuwa amesogeza maikrofoni akidhani mume na mke wananong'onezana maneno matamu ambayo uwanja ungependa kusikia. Ndiyo maana uwanja ulisikia.

"Mwenyekiti," Kezia akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote nne, "huyu mtu mmenipa jina lake ni maiti?"

Maingi alikuwa anatazama simu yake.

"Bibi yangu alinikataza kuitikia hata jina langu mwenyewe nikiitwa gizani. Leo nimeitikia la marehemu, jua likiwa utosini. Mara mbili mliita, nami nikaitika."

Akaanza kuvua. Kitambaa cha kichwa kwanza, kisha leso. Alivivua kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa viwavi, akaviweka juu ya ile hundi sakafuni. Akateremka ngazi akiwa kichwa wazi, nywele hazijasukwa, na wanawake wa safu ya mbele wakavuta miguu yao nyuma ili asiwaguse. Wale wale waliokuwa wakipiga makofi. Mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Fundi wa mitambo akapata akili, akafungulia muziki wa Injili.

Mheshimiwa alikuwa na shughuli nyingine mahali pengine, magari yakamwondoa kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Gordon alipelekwa kwenye hema la nyuma, mahali walipokuwa wamepanga chupa za maji na sambusa za wakubwa. Alikuwako kijana mmoja wa mpango huo wa ruzuku, kitambulisho shingoni, msomi, mpole kupita kiasi. Alikuwako Maingi. Kezia hakuitwa, na Gordon alipouliza yuko wapi, aliambiwa yule mama si mhusika.

Yule kijana akampa kiti, akampa maji, akamwita mzee wangu. Alieleza kwa upole kwamba makosa hutokea katika mambo makubwa. Biashara ya Celine Apondi imekwisha kupitishwa. Imesomwa jukwaani, mheshimiwa mwenyewe ameitaja. Kuiondoa sasa ni kazi kuliko kuiacha. Kinachotakiwa ni kidogo tu: mume athibitishe kwamba mkewe yuko hai lakini hajiwezi, na kwamba leo alisimamiwa. Mtaji utaingia. Ushuru utasamehewa mwaka mzima. Kibanda kitapakwa rangi.

"Na yule aliyesema maiti?" akauliza Gordon.

"Watu wa soko husema mengi, mzee wangu."

Gordon aligeuza ile chupa ya maji mkononi. Alikuwa ameshtuka mara nyingi siku hiyo hata akadhani mshtuko umeisha kwenye ghala, lakini huu ulikuwa mwingine. Mtu aliyesoma vyuo, mwenye mikono misafi, alikuwa anamwomba amfufue mke wake, na alikuwa anamwomba kama vile mtu anavyoomba kubadilishiwa kiti.

Maingi akasogea, akakaa karibu, magoti yakigusana.

"Baba Clare, tuongee kama wanaume. Marehemu hatakula hizi pesa. Wewe utakula, Matheka atakula. Leseni umeilipa miaka yote hii kwa jina lake, sivyo? Kila mwaka ulisema yuko hai. Sema tena mara moja tu, ya mwisho."

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba, kwa sababu Maingi hakuwa amekosea. Gordon alijiona kwenye dirisha la kulipia, Januari baada ya Januari, akiulizwa jina la mwenye biashara, akilitaja bila kupepesa. Wale wakubwa hawakuanzisha kitu. Walikuta mlango wameachiwa wazi, wakaingia na viatu.

Aliwaza kibanda. Aliwaza ile mbao ya kukatia nguo ambayo kiwiko cha Celine kilikuwa kimeilainisha upande mmoja. Aliwaza Matheka na watoto wake. Neno moja tu, na vyote vibaki. Neno jingine, na vyote viende. Kwa dakika nzima alitaka kulisema lile la kwanza, tena alitaka sana. Lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi na lilikuwa na ladha ya chakula.

"Kwa hiyo niandike yuko hai, mzee?" yule kijana akauliza.

Lakini akiandikwa yuko hai, atakuwa mzima wa nani? Si wa Gordon tena. Atakuwa Celine wao, wa kuitwa kila palipo na jukwaa, aitikiwe na mama yeyote aliyeahidiwa leso. Mwaka ujao watamwita tena. Atapiga kura. Atakopa. Watamzungusha mtaa huu hadi wamchoshe zaidi ya walivyomchosha akiwa hai, wakimpeleka dirisha hili na dirisha lile kutafuta dawa.

"Andika amekufa," akasema Gordon.

"Mzee wangu, fikiria."

"Alikufa Jumatano. Alikufa akisubiri dawa yenu. Andika hivyo hivyo, uweke na Jumatano."

Kijana hakuandika Jumatano. Alisema pole sana, na alionekana kweli ameona huruma. Kisha akasema kwa upole uleule kwamba basi biashara hiyo haina mwenyewe.

Kanjo walikuja asubuhi iliyofuata na kufuli jipya. Hawakuwa wakali, Gordon angependa wawe wakali. Walimsaidia kutoa cherehani, wakamsaidia na ile mbao, mmoja akamuuliza kama anashona kaunda suti. Kosa lililoandikwa mlangoni lilikuwa kufanya biashara kwa leseni ya marehemu. Maingi alibaki mwenyekiti. Juu yake ilisemwa kwamba uchunguzi unaendelea, na pengine mpaka leo unaendelea. Uchunguzi wa nchi hii una afya nzuri, hauugui wala haufi. Matheka hakumlaumu. Alimbebea cherehani begani mpaka kwenye baraza ya nyumba ya Gordon, nyumba za zamani za baraza la jiji, akaiteremsha, akapangusa jasho.

"Ungesema tu yuko hai, buda."

"Najua."

"Mimi ningesema."

"Najua, Matheka."

"Haya basi, ni vizuri hawakuniuliza mimi," akasema, akaketi akaanza kutunga uzi kwenye sindano.

Wakashona pale barazani. Wateja wachache wa zamani waliwafuata. Wengine walipita upande wa pili wa barabara, kwa haya ya makofi.

Haukupita muda mrefu, Kezia akatokea. Alikuja akiwa amejifunika shuka mpaka kidevuni ingawa kulikuwa na joto. Alikataa kiti. Alimwambia Gordon kwamba Umoja nzima sasa inamwita Celine. Wateja wanamwita hivyo kwa mzaha, watoto wanamwita kisha wanakimbia, na kuna mama mmoja aliyekataa kupokea chenji kutoka mkononi mwake. Alikuwa amekwenda kuombewa mara mbili. Haikusaidia, kwa sababu, alisema, utaombewaje na bado umetundikwa?

Gordon hakuelewa. Kezia akamwambia avae viatu.

Walikwenda hadi langoni mwa soko. Pale, juu ya ukuta, lilikuwa limefungwa bango la kitambaa kizito, jipya, la urefu wa lori. Kezia alikuwa anacheka ndani yake, leso kiunoni, uso mkubwa kuliko dirisha. Chini yake, kwa herufi nene: CELINE APONDI, SOKO LA JERICHO. Na chini ya hiyo: RUZUKU IMEFIKA. AMEAJIRI VIJANA KUMI NA WAWILI.

Gordon alilisoma taratibu, herufi kwa herufi, maana shule yake iliishia darasa la nne. Alipofika mwisho akaanza tena mwanzo. Nyuma ya bango hilo, ndani ya soko, kile kibanda kilikuwa kimefungwa kufuli, karatasi ya kosa imebandikwa mlangoni, karatasi inayosema mwenyewe amekufa. Kutoka karatasi mpaka bango ni umbali wa kurusha jiwe. Ofisi ni moja. Muhuri ni mmoja.

Kezia alikuwa analia bila sauti.

Gordon alirudi nyumbani akachukua mkasi, ule mkubwa wa kukatia. Akaazima kigoda kwa muuza magazeti, akapanda. Kitambaa kilikuwa kigumu lakini kilikuwa kitambaa, na hakijaumbwa kitambaa cha kumshinda fundi. Alianza na uso. Aliukata vizuri, kwa mviringo, akifuata ukingo wa kitambaa cha kichwa, akauteremsha kwa Kezia. Kisha akahamisha kigoda akaanza jina, kutoka upande wa C.

Askari wa kanjo aliyekuwa anakula mahindi langoni akaja taratibu.

"Mzee, hiyo kazi umepewa na nani?"

"Na serikali," akajibu Gordon bila kugeuka. "Hujasoma? Inaajiri."

Askari akatazama juu, akasoma, akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika maana alikuwa miongoni mwa waliobeba ile mbao. Alitazama upande huu na upande ule wa barabara. Akashika kigoda kisiyumbe.

Mkasi ulipofika kwenye herufi ya mwisho ya Apondi, kipande kizima kikamwangukia Gordon kifuani. Alikikunja mara nne, akakitia ndani ya koti. Kezia alikwisha kuondoka, uso wake ameukunja kwapani kama mkeka, anatembea haraka bila ile shuka. Lile bango lilibaki ukutani na matundu mawili makubwa, ukuta wa soko ukionekana ndani yake, na watu waliokuwa wakiingia kununua sukuma wiki wakasimama mmoja mmoja kusoma kilichobaki, kwamba ruzuku imefika, ameajiri vijana kumi na wawili, wakatazama yale matundu, wakatazamana.